Kutembeza ndege ndogo ardhini bila kugonga: mwongozo kamili kwa wanaorukia Malindi

Bawa la ndege likigusa nguzo ya uzio kwa mwendo wa mtu anayetembea, ndege hiyo hairuki tena siku hiyo, na huenda isiruke mwezi mzima. Hakuna aliyeumia, hakuna moshi, gazeti haliandiki. Lakini fundi ataitwa kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, spea itaagizwa ng'ambo, na watu wa bima wataanza maswali yao. Pangaboi likigusa kitu wakati injini inazunguka, mambo huwa mazito zaidi. Lycoming na Continental, watengenezaji wa injini nyingi za ndege ndogo, wote wanataka injini ifunguliwe na kukaguliwa ndani kabla haijarushwa tena, hata kama kwa nje haionekani kasoro.

Nawaandikia wanafunzi wa urubani, wenye ndege zao wanaoteremka Malindi Ijumaa kuja kupunga upepo, na vijana wa uwanjani wanaozipokea ndege hizo. Uwanja wa Malindi si mkubwa. Njia kuu ya kurukia ni 17/35 (namba za mwelekeo wa dira: 17 huelekea kusini, 35 kaskazini), yenye urefu wa takriban mita 1,400, na ipo nyingine fupi zaidi, 08/26. Pale pa kuegesha hukutana ndege za kila saizi: Cessna 172 ya viti vinne kando ya Caravan iliyo kubwa zaidi, Caravan kando ya Dash 8, ndege ya abiria ya injini mbili, na abiria wanakatiza kwa miguu wakiburuta mabegi na kupiga picha. Ng'ambo ya pili huko Lamu, kwenye uwanja wa Manda, hali ni hiyo hiyo, ukiongeza mikokoteni ya mizigo inayosukumwa kuelekea gatini.

Kwa maoni yangu, chanzo kikubwa cha migongano ya ardhini ni kimoja: magurudumu yanazunguka huku macho ya rubani yako ndani. Hatua nyingi utakazosoma hapa ni mbinu za kuyatoa macho nje na kuyaweka huko.

Hatua ya 1: Ikague njia, si ndege peke yake

Kila mwanafunzi hufundishwa kuizunguka ndege kabla ya kupanda. Wachache hufundishwa kuikagua njia watakayopita. Ukimaliza kuangalia mafuta na matairi, simama mbele ya pua ya ndege, itazame upande itakakoelekea, kisha tembea hatua ishirini au thelathini. Tafuta kokoto zinazoweza kurushwa na pangaboi, kabari iliyosahauliwa na ndege iliyoondoka, kamba ya kufungia ndege iliyolala kwenye nyasi. Angalia lori la mafuta limeegeshwa wapi, na kama dereva yumo ndani. Lori lenye dereva ndani linaweza kuondoka wakati wowote.

Kisha rudi uangalie nyuma ya mkia. Ndege ikigeuka, mkia hupepea upande wa nje wa kona, na wewe huuoni.

Kioo cha mbele kisafishe kila asubuhi, hata kama jana ulikisafisha. Hewa ya bahari huacha utando wa chumvi usioonekana ukiwa kivulini. Jua la asubuhi likikupiga usoni, utando huo unageuka ukuta mweupe. Tumia maji safi na kitambaa laini cha pamba, pangusa kwa kupandisha na kushusha. Ukizungusha mkono utaacha michirizi ya duara itakayokusumbua kila jua likiwa chini.

Mwisho, hakikisha kabari zimeondolewa na chuma cha kuvutia ndege kimetolewa kwenye gurudumu la pua. Kichukue ukiweke ndani mwenyewe. Usiamini mtu akikwambia ameshakitoa.

Hatua ya 2: Kuwasha

Washa taa nyekundu ya kumetameta kabla ya kugusa swichi ya injini. Kwa watu wa uwanjani taa hiyo ina maana moja: pangaboi hili linazunguka au liko karibu kuzunguka. Fungua dirisha, paza sauti, ngoja, tazama kushoto, mbele na kulia, ndipo uwashe. Usipaze sauti na kuwasha kwa pumzi moja, maana huyo uliyemwonya hujampa nafasi ya kukimbia.

Jiulize pia upepo wa pangaboi lako unampiga nani. Ukiwa umeelekeza mkia kwenye mlango wa abiria, au kwenye ndege ndogo iliyo wazi milango, omba usogezwe kwa mikono kwanza.

Hatua ya 3: Mita tatu za kwanza

Achia breki, ongeza nguvu kidogo tu mpaka ndege ianze kusogea, rudisha nguvu, kisha kanyaga breki zote mbili papo hapo. Fanya hivyo ukiwa bado na nafasi mbele. Kama una mwalimu au rubani mwenzako upande wa kulia, naye ajaribu breki zake. Breki inayozama hadi chini, au inayovuta upande mmoja, ni ya kurudi nayo kwa fundi.

Na breki zikikataa ukiwa njiani? Leva ya mchanganyiko wa mafuta ivute mpaka mwisho ili injini ife, zima sumaku za kuwashia, halafu tumia pedali kuielekeza ndege kwenye nyasi au mahali palipo wazi. Watu wengi huvuta nguvu pekee wakaacha injini ikizunguka polepole. Injini inayozunguka polepole bado inavuta, na pangaboi bado ni kisu. Lifanyie mazoezi zoezi hili ndege ikiwa imezimwa, mpaka mkono uijue leva hiyo bila kuitazama.

Hatua ya 4: Ujue upana wako

Hapa ndipo penye kazi. Cessna 172 ina mita 11 kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine. Caravan aina ya 208B ina karibu mita 16. Aliyezoea ndege ya mafunzo akipewa Caravan, ameongezewa karibu mita mbili na nusu kila upande, na kiti anachokalia hakimwambii hivyo. Ukipita na punda aliyebebeshwa matofali kwenye vichochoro vya Lamu utaelewa: kichwa cha punda kinapita vizuri kabisa, mzigo ndio unaokwaruza ukuta.

Jicho la binadamu halipimi vizuri umbali kati ya ncha ya bawa na kitu kilicho kando yake, hasa ukiwa umeketi katikati ya ndege na ncha iko mita tano kutoka begani mwako. Kwa hiyo usiliulize jicho swali lisiloliweza. Jiulize: kuna shaka? Ikiwepo, simama.

Mazungumzo haya utayasikia sana kwenye viwanja vyetu, rubani ametoa kichwa dirishani na injini inanguruma:

"Kaka, nitapita hapo?"

"Naona yapita, kapteni."

"Yapita kweli?"

"Inshallah."

Inshallah ni neno jema, ila si kipimo cha mita. Ukilisikia katika jambo la bawa, zima injini, shuka, upime kwa hatua. Kama nafasi ni finyu, isukumeni ndege kwa mikono. 172 husukumwa na watu wawili bila jasho jingi. Ni dakika tano tu, na hakuna abiria wa maana atakayekulaumu.

Ukitaka wasaidizi wa kukuangalizia mabawa, watumie wawili, mmoja kila upande, na mkubaliane ishara kabla ya kuwasha. Mikono iliyopishanishwa juu ya kichwa ni simama, basi. Msaidizi akae mbele ya mstari wa bawa na mbali na pangaboi, mahali unapomwona uso. Usipomwona hata mmoja wao, kwako hiyo nayo ni ishara ya kusimama. Halafu kumbuka kwamba hata mwelekezaji mwenye vibao vya rangi mikononi akikuelekeza kwenye nguzo, atakayejibu ni rubani. Una haki ya kumkatalia.

Sasa kivuli. Sisi tuko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, na jua linapokuwa utosini kivuli cha bawa huanguka chini ya bawa lenyewe. Katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba, saa sita na dakika kadhaa mchana, ukitazama chini kupitia dirisha la 172 utaiona ncha ya bawa lako imechorwa kwenye lami. Kikipita kivuli salama kando ya kabari au ndoo, bawa nalo limepita. Ni msaada mzuri, na marubani wa nchi za baridi hawana.

Lakini kivuli hicho hicho hudanganya saa nyingine. Saa tatu asubuhi jua liko mashariki, bawa la 172 liko zaidi ya mita mbili juu ya ardhi, na kivuli kimesogea zaidi ya mita mbili kuelekea magharibi. Ukiwa umeelekea kaskazini au kusini, ncha ya magharibi kivuli chake kiko nje zaidi kuliko bawa, kwa hiyo utakuwa mwangalifu kupita kiasi, si kitu. Ncha ya mashariki ndiyo hatari. Kivuli chake kimeingia ndani, chini ya bawa, nawe utadhani umeshakikwepa kitu ambacho bado kiko kwenye njia ya ncha. Alasiri geuza maelezo haya. Kama hukumbuki ni upande upi, basi usikitumie kivuli.

Hatua ya 5: Mwendo

Mwendo wa mtu anayetembea haraka, hasa karibu na ndege nyingine na watu. Kwenye njia iliyo wazi unaweza kuongeza kidogo. Fanya hesabu hii: noti 10, yaani maili 10 za baharini kwa saa, ni kama mita tano kwa sekunde. Ukiinamisha kichwa sekunde mbili kubadilisha masafa ya redio, umekwenda mita kumi bila dereva, na 172 nzima kutoka pua hadi mkia haifiki mita tisa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni ngumu kidogo: ndege ikitembea, mikono haigusi kitu chochote zaidi ya usukani na leva ya nguvu. Redio, GPS, ramani, orodha ya ukaguzi, simu, mkanda wa abiria ambao haujafungwa vizuri, vyote vinasubiri ndege isimame. Mazungumzo nayo yasimame. Mgeni wa kiti cha mbele akikuuliza Vasco da Gama Pillar iko upande gani, mwambie utamwonyesha mkiwa juu.

Ufuate mstari wa njano wa katikati. Kwa kuwa rubani hukaa kushoto, mstari ukionekana unapita karibu na goti lako la kulia, gurudumu la pua liko juu yake au karibu sana. Mstari huo hukulinda kwenye njia, lakini haukulindi mahali pa kuegesha. Aliyeuchora hakujua leo nani ataegesha vibaya.

Hatua ya 6: Nani ampishe nani

Sheria za kimataifa za anga zinatumika na ardhini pia, na hapa dereva wa Kenya anaweza kujikwaa. Barabarani tunaendesha kushoto, na gari likitujia usoni mkono wetu wenyewe hukimbilia kushoto. Kwenye ndege, mkikutana uso kwa uso, kila mmoja husimama, au kama nafasi ipo kila mmoja hupinda kulia. Hebu fikiria mmoja akafuata mazoea ya barabara ya Mombasa na mwingine akafuata sheria: wote wataelekea upande mmoja. Kusimama ndiyo njia bora, kisha mzungumze redioni.

Njia zenu zikikatana, anayemwona mwenzake kulia kwake ndiye anayempisha. Anayetaka kumpita mwenzake kutoka nyuma ndiye mwenye wajibu wa kukaa mbali naye. Na wote wanaotembea ardhini humpisha anayeruka au aliye karibu kuruka. Ila usiidai haki yako mbele ya Dash 8. Rubani wake yuko juu, wewe uko chini, na yawezekana hajakuona kabisa.

Watu, mbuzi na mizigo hawajasoma sheria hizo. Abiria aliyeshuka kwenye ndege nyingine akianza kukatiza mbele yako, simama, na kama anaendelea kukujia, zima injini. Pangaboi linalozunguka halionekani. Mgeni anaona nafasi tupu.

Hatua ya 7: Mlango wa njia ya kurukia

Tarehe 8 Oktoba 2001, kwenye uwanja wa Linate mjini Milano, Italia, ndege ndogo aina ya Citation ilitembea kwenye ukungu, ikachukua njia isiyo yake, ikaingia kwenye njia ya kurukia wakati MD-87 ya abiria ikiwa mbioni kuruka. Walikufa watu 118. Rada ya ardhini ilikuwa haifanyi kazi na alama za njia zilikuwa na kasoro, kwa hiyo lawama hazikuwa za marubani peke yao. Lakini ndege ndogo ndiyo iliyokuwa mahali isipopaswa kuwa.

Malindi hatuna ukungu wa namna ile. Tuna jua la asubuhi usoni, mvua nzito za Aprili na Mei, na mazoea, ambayo ni mabaya kuliko vyote viwili.

Kabla ya njia ya kurukia utakuta mistari minne ya njano inayokata njia yako: miwili mizima na miwili ya vipande vipande. Mistari mizima ikiwa upande wako, ni ukuta. Huvuki bila ruhusa ya mnara wa kuongozea ndege. Vipande vikiwa upande wako, unatoka kwenye njia ya kurukia, vuka usisimame juu yake. Bango jekundu lenye maandishi meupe linasema jambo hilo hilo.

Ruhusa ya kutembea hadi mahali fulani si ruhusa ya kukatiza njia ya kurukia iliyo katikati. Kila ukiambiwa usimame kabla ya njia ya kurukia, rudia maneno hayo pamoja na namba ya njia na jina la ndege yako. Kujibu kwa kubonyeza kitufe mara mbili ni uhuni. Hata ukishapewa ruhusa, kabla ya kuvuka tazama kushoto na kulia, mpaka mwisho wa lami na juu yake. Kwenye ndege yenye mabawa ya juu kama 172, bawa linafunika upande wa ndege inayokuja kutua. Geuza pua kidogo uone nyuma ya bawa.

Redio ikifa, mnara utatumia taa. Kijani inayowaka na kuzima: tembea. Nyekundu isiyokatika: simama. Nyekundu inayowaka na kuzima: ondoka kwenye eneo la kutua. Nyeupe inayowaka na kuzima: rudi ulikoanzia.

Kwenye viwanja vidogo visivyo na njia ya kutembelea iliyo sambamba na ya kurukia unalazimika kurudi nyuma juu ya njia ya kurukia yenyewe hadi mwanzo wake. Tangaza unapoingia, tangaza unapogeuka, sikiliza kati ya matangazo, na taa zote ziwake. Usianze safari hiyo kama kuna mtu ameshasema yuko hatua ya mwisho ya kutua.

Hatua ya 8: Kupima injini

Ajali ya kipuuzi kuliko zote hutokea hapa. Rubani amesimama vizuri, amevuta hendibreki, anaongeza moto hadi mizunguko 1,700 au 1,800 kwa dakika kulingana na modeli, na anainamisha kichwa kusoma geji. Hendibreki ya ndege kuukuu haishiki sawasawa. Ndege inajisogeza polepole, injini inanguruma kiasi kwamba mwendo hausikiki, na akiinua kichwa mkia wa ndege ya mbele uko pale pale.

Miguu ibaki juu ya breki zinazokanyagwa kwa vidole vya miguu muda wote, hata kama hendibreki imevutwa. Chagua kitu cha karibu upande wako, jani, ufa wa lami, ukiweke sawa na nguzo ya bawa. Soma geji moja, tazama ufa. Soma nyingine, tazama ufa. Usisimame moja kwa moja nyuma ya mtu; kaa kwa pembe, ili ndege ikisogea iende kwenye nafasi. Upepo wako nao usimpige aliye nyuma yako.

Upepo wa majira

Wakati wa Kusi tunarukia 17 mara nyingi, maana yake njiani kwenda mwanzo wake upepo unakusukuma mgongoni. Mwendo huongezeka bila wewe kuuomba, na breki hupata moto. Punguza nguvu kwanza, breki baadaye. Upepo ukitoka nyuma kwa pembeni, geuza usukani mbali nao na uusukume mbele kidogo. Ukitoka mbele kwa pembeni, geuza usukani kuelekea upepo. Kaskazi ikija, Disemba hadi Machi, upepo huo wa mgongoni utakukuta ukielekea mwanzo wa 35.

Nyuma ya Caravan au Dash 8 yenye injini inayozunguka, kaa mbali, hata kama imesimama. Ikiongeza nguvu kuanza kutembea, ndege ndogo inaweza kuinuliwa bawa.

Baada ya kutua

Uchovu, joto, na furaha ya kufika. Toka kwenye njia ya kurukia, vuka mistari minne yote mpaka mkia nao upite, simama. Hapo ndipo ukunje flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, ubadilishe redio, uzime usichohitaji. Kuvifanya hivyo ukiwa bado mbioni ndiko kunakowafanya watu wavute leva ya magurudumu wakidhani ni ya flapu.

Ukiegesha, zima injini, ngoja pangaboi litulie kabisa, weka kabari, ndipo mlango ufunguliwe. Taa nyekundu izimwe ya mwisho.

Ukigusa kitu

Zima injini papo hapo. Usirudi nyuma kwa kusukuma ili uone ni kidogo kiasi gani, na usiisogeze ndege kabla ya kuonwa, isipokuwa ikiwa imeziba njia ya kurukia na mnara umekuamuru. Shusha abiria upande ulio mbali na pangaboi. Piga picha: ncha ya bawa, alama za matairi, kitu ulichogusa, kila kimoja kwa karibu na kwa mbali. Uambie mnara na uongozi wa uwanja. Fundi mwenye leseni aikague ndege, na mkwaruzo usioizidi sarafu uutaje vilevile, kwa sababu ncha ikipigwa nguvu husafiri hadi kwenye shina la bawa, mahali ambapo rangi haitachubuka hata kidogo. Tukio likiwa kubwa, KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya) na idara ya uchunguzi wa ajali za ndege nao wapewe taarifa.

Kisha mpigie simu mwenye ndege wewe mwenyewe, kabla hajapigiwa na mtu mwingine.